Upepo Tuliouita Kakule

Harufu ya mvua ya Goma si ile watu wa sehemu zingine wanaisifu, ya udongo uliolowa. Kwetu Ndosho udongo ni kitu cha kutafuta. Chini kuna mawe ya volkano, meusi, yenye matundu kama mkate, na mvua ya kwanza ya mwezi wa tisa ikiyagonga yanatoa harufu ya sufuria iliyosahauliwa motoni kisha ikamwagiwa maji. Nikiisikia hadi leo, nafunga macho na niko tena mlangoni mwa nyumba yetu ya mbao, nina miaka kumi na moja, miguu inaning'inia, naangalia kipande cha ziwa kati ya mapaa mawili kikibadilika, bluu inakuwa kijivu, kijivu inakuwa rangi ambayo sijapata neno lake. Mutu akiniambia kwamba mvua inanuka sawasawa kila mahali, tunagombana palepale.

Majira yale ninayoyakumbuka yalianzia kwenye redio. Papa mudogo Deo, mudogo wake baba, alikuwa anatengeneza redio mbele ya nyumba yetu, na redio zake zilikuwa na tabia moja niliyoipenda: zilisema hata zikiwa zimefunguliwa tumbo, nyaya zote nje. Siku moja mchana, mimi na Masika tulikuwa tunachambua maharagwe kando yake. Masika alikuwa rafiki yangu wa mlango wa tatu, mutoto wa Papa Kakule, Munande aliyekuwa anateremsha mashu, yaani kabichi, kutoka Kibumba kwa chukudu, lile baiskeli la mbao lisilo na pedali. Basi, katikati ya maharagwe, sauti ya mwanamuke ikasema kwa Kifaransa kwamba kimbunga kimezaliwa katika Bahari ya Hindi, kinaelekea Madagaska, na akakitaja kwa jina. Jina la mutu. Jina ambalo ungeweza kumwita nalo mutoto mwenzako aje kula.

"Papa mudogo, upepo iko na jina?"

"Kule ku bahari, njo. Ikipata nguvu, banaipatia jina. Ikiwa ndogo, hapana, inabakia tu hivyo, sawa mutu asiyebatizwa." Akapuliza vumbi kwenye redio. "Majina yote banayatayarisha mbele majira ianze. Kila inchi inaleta yake. Upepo inayakuta inamungojea."

Masika akaacha maharagwe. Aliacha mdomo wazi kidogo, kama mutu aliyesikia habari za nyumbani kwao kwenye redio ya wageni. "Lakini ile ni sawa siye!" akasema. Na kweli ilikuwa sawa na wao. Kwa Wanande majina yanafuata zamu ya kuzaliwa: kijana wa kwanza anaitwa Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, na kuendelea. Jina liko tayari kabla mama hajapata mimba. Kwetu sisi watu wa Rutshuru mutoto anazaliwa kwanza, watu wanamwangalia, wanafikiri, wanampa Neema kama walivyonipa mimi. Siku ile niliona wivu. Watoto wa kina Masika walikuwa wanangojewa kama vimbunga.

Kaye, yaani daftari, lilikuwa langu, la mistari, limebaki kurasa nyingi kutoka masomo ya mwaka uliopita. Tukalipindua na kuanza nyuma. Mambo mengine ya vimbunga nilijifunza mwenyewe, hakuna mwalimu aliyeniambia, kwenye kitabu cha jiografia ambacho muuza karanga alikuwa anakichana ili afungie karanga zake. Nilikuwa nakula karanga haraka nisome karatasi kabla mafuta hayajaila. Kule baharini wanapima kasi ya upepo. Sisi hatukuwa na chombo. Lakini tulikuwa na nyumba ya Mama Zawadi.

Lazima nieleze paa za Ndosho za wakati ule. Mabati hayakupigiliwa misumari yote. Juu yake watu walipanga mawe ya volkano ili upepo usiyabebe. Paa la Mama Zawadi, jirani yetu wa mbele, lilikuwa na mawe kumi na manne, tuliyahesabu. Ndipo tukaandika sheria. Upepo ukirusha nguo za kwenye kamba tu, hauna jina, tunaandika siku na saa basi. Ukiangusha jiwe hata moja, unapata jina, kwa zamu ya Wanande. Ukitoa bati, huo ni kimbunga, unaandikwa kwa biki nyekundu, yaani kalamu ya wino mwekundu. Biki nyekundu tulikuwa nayo, na nilitamani kuitumia. Nilikuwa nalala naiota, mstari mwekundu ukitembea wenyewe kwenye karatasi, unazunguka, unazunguka, kama yale mapicha ya kwenye kitabu, na katikati jicho jeupe.

Paluku alikuja kwa upole, saa nane za mchana, akaangusha mawe mawili na kutupia kitenge cha mama kwenye shimo la maji. Kambale alikuja na mvua ya barafu, watoto wote wakaiokota na kuila, meno yakiuma, na mawe matano yakashuka. Tulikuwa tunapita avenyu nzima kuwatangazia watu, mimi nikisoma, Masika akishika kaye wazi mbele yangu kama kitabu cha misale kanisani. Watu walicheka, kisha wakazoea. Fundi wa viatu alisema, "Ile siku ya Kambale nilipoteza kapeti yangu." Mwanamuke aliyeuza sombe, majani ya muhogo, alituita, "Nyinyi batoto ba upepo, leo kuko nani?" Hamuwezi kujua furaha ile. Avenyu yenye watu wazima, na hesabu ya siku zake ilikuwa kwenye kaye langu.

Halafu ikaja ile ya tatu. Ilikuwa kitu kidogo, upepo wa nusu saa, jua halijafichika hata. Nguo zilipepea. Na jiwe moja likadondoka kutoka kwa Mama Zawadi, pa!, mbele ya macho yangu. Nikafungua kaye.

"Usiandike," Masika akasema. "Ile jiwe, paka njo alisukuma."

"Paka gani?"

"Ile ya manjano. Nilimuona na macho yangu, alikuwa anapita juu."

"Basi paka yenyewe ilisukumwa na upepo!"

"Neema, acha bongo, unadanganya. Paka ilikuwa inatembea pole pole."

Nilikuwa mutoto wa hasira, na hasira hiyo sijaiacha mahali. Nilisema kaye ni langu, macho ni yangu, na asiyetaka aende akatengeneze kaye lake. Nikaandika: Kasereka, jiwe moja. Masika alifunika biki na kifuniko chake, akanirudishia. Sikufikiri mbali. Sikuhesabu kwamba baada ya tatu kuna nne.

Ya nne ilikuja siku ya posho, yaani Jumamosi, saa tisa. Kwanza ndege walinyamaza. Halafu volkano ikapotea, halafu ziwa, halafu mwisho wa avenyu, kama mutu anayekunja mkeka kuanzia kule kuja kwetu. Nilisimama mlangoni na kaye kifuani na, Mungu anisamehe, nilikuwa nafurahi. Mawe ya Mama Zawadi hayakudondoka, yaliruka. Mabati yakafunguka moja moja kama kurasa, yakapanda juu, mazuri, yanang'aa, yakageuka hewani polepole kama karatasi zinazozama majini. Mama alinivuta ndani kwa nywele. Upepo ulipopita, nyumba sita hazikuwa na paa, na mutoto wa mwisho wa Mama Zawadi, Heri, alikuwa amekatwa na bati kwenye muguu. Walimkimbiza hospitali kwa pikipiki, amefungwa kitenge.

Jioni ile niliandika kwa biki nyekundu: Kakule. Zamu ilikuwa yake. Sikufikiri juu ya mutu, nakuapia. Nilifikiri juu ya namba.

Mwanzoni ilikuwa mchezo. Papa Kakule akipita na mashu yake, watu wa paa zilizong'oka walikuwa wanamwita, "Kakule! Unirudishie bati yangu!" Naye akijibu, "Nakuletea kesho, nimeiweka kwetu Butembo!" Alikuwa mutu wa kicheko, mabega mapana, vumbi la barabara kwenye nyusi. Watoto wakatunga wimbo, "Kakule anapita, mufunge madirisha." Lakini muguu wa Heri ukavimba, homa ikapanda, na kicheko kikabadilika taratibu, kama maziwa yanavyobadilika ukiyaacha juani. Mutu mmoja akauliza kwa nini nyumba ya Papa Kakule haikupoteza bati hata moja. Mwingine akakumbuka kwamba siku ile hakuwa hapa, alikuwa Kibumba, juu, karibu na mawingu. Mama mwenye genge akaacha kuchukua mashu yake, kisha wa pili. Mashu yakaoza kwenye mlango wa kina Masika, na harufu yake ilifika kwetu. Kijana mmoja akaimba ule wimbo mbele ya Masika kwenye bomba la maji. Nilimuuma mkono mpaka nikasikia chumvi. Lakini huwezi kuuma avenyu nzima.

Ikafika siku ambayo watu walikusanyika mbele ya nyumba ya Mama Zawadi, chini ya bashi, turubai aliyoifunga mahali pa paa. Muzee mmoja alisema kwa sauti ya chini kabisa, "Kama mutoto anakufa, ule mutu asilale hapa tena." Kwetu maneno kama hayo yakisemwa kwa sauti ya chini, ndiyo yanayotisha. Papa Kakule alikuwepo. Alisimama kando ya chukudu yake, mikono kwenye usukani wa mbao, hacheki. Masika alikuwa nyuma yake, anashika shati lake.

Nilipita kati ya miguu ya watu. Nikapiga kelele kwamba ni mimi. Ni mimi niliyeandika. Upepo haukujua jina la mutu, nililipa mimi, kwa zamu, na zamu yenyewe ilikuwa ya uongo kwa sababu jiwe la upepo wa tatu lilisukumwa na paka, na nilikuwa najua. Nikawafungulia kaye. Papa mudogo Deo akaja kulisoma kwa sauti, ukurasa kwa ukurasa, saa na mawe, mpaka kwenye ile nyekundu.

"Basi ile kubwa ilikuwa Kasereka," mutu akasema, na wanaume watatu wa avenyu yetu wanaoitwa Kasereka wakageuka pamoja. Hapo watu wengine wakacheka, lakini Mama Zawadi hakucheka. Macho yake yalikuwa mekundu ya kukosa usingizi.

"Weye unapenda kupatia upepo majina ya batu," akaniambia. "Andika yako."

Nikaandika. Nilikata Kakule mistari miwili, na pembeni nikaandika Neema. Masika alikuwa amesogea karibu yangu. Angeweza kusema mbele ya wote kwamba alinikataza, na ilikuwa kweli. Alishika kaye wazi ili upepo usilifunge, kama kawaida yetu. Mama alinipiga siku ile, na sikulalamika, na mimi nalalamika hata nikipigwa na jua.

Heri alirudi wiki ya pili, anachechemea, anaomba pipi. Watu waliniita Kimbunga mpaka nikamaliza sekondari. Mama mwenye genge alichukua mashu tena. Lakini Papa Kakule alipita mlangoni kwetu kabla ya mvua kwisha, akasimamisha chukudu, na hakuwa na hasira, ningependa angekuwa nayo. "Mutoto yangu," akasema, "ulikamata jina yangu na hukuniuliza." Basi. Mwezi wa sita walihamia Butembo. Walisema ni kwa sababu ya shamba. Masika aliniachia kifuniko cha biki nyekundu. Nilikipoteza, na bado najichukia.

Sasa nina banda Mabanga, hapahapa Goma, natengeneza simu. Misumari imeongezeka kwenye mabati ya Goma na mawe yamepungua juu ya paa. Kimbunga kikizaliwa kule baharini nakiona kwenye kioo cha mkononi, kinazunguka na jicho lake jeupe kama nilivyokiota, na nimeshajielimisha kwamba huku kwetu, karibu na ikweta, upepo hauwezi kujikunja hivyo. Najua pia kwamba kule jina likishatumika hawalirudii. Zamani nilikuwa naliangalia lile duara na kutaka likue. Sasa nalisoma jina na kujiuliza kuna msichana gani kule Madagaska anayeitwa hivyo, na kesho ataingiaje darasani.

Mwaka jana, saa za asubuhi, mutu aliweka simu yenye kioo kilichopasuka juu ya meza yangu. Nilikuwa nimeinama kwenye kazi, kwa hiyo nilivuta kaye la wateja bila kuinua kichwa.

"Jina nani, papa?"

Nikainua macho. Mabega yalikuwa yameshuka na nyusi zilikuwa nyeupe, na safari hii haikuwa vumbi.

"Leo unaniuliza," akasema Papa Kakule.

Nilibaki na biki mkononi, nikingoja. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akanyoosha magoti taratibu, akaangalia karatasi nyeupe, kisha akaniangalia mimi.

"Andika," akasema. "Andika muzuri."