Futa na Vuta

Juzi, kwenye zahanati ya Garsen, nilimwona daktari akimmulika mjukuu wangu sikioni kwa kurunzi, nikacheka peke yangu.

Nilikumbuka nilipokuwa darasa la kwanza, masikio yakinitoka usaha, na nyanya alikuwa amenitia pamba yenye mafuta ya simsim. Darasa lilinuka chaki na matope ya mtoni. Wenzangu walipoimba "ba, be, bi," mimi nilisikia mvumo kama wa nyuki tu, nikafungua mdomo kama wao.

Alasiri hiyo mwalimu akaniambia, "Futa ubao."

Nilisikia "vuta". Nilishangaa, lakini mwalimu hakaidiwi. Nikaushika ubao kwa mikono miwili, nikauvuta kwa nguvu zote. Ukaporomoka juu ya mguu wake.

"Wewe msichana! Nimesema futa!"

"Nimevuta, mwalimu!"

Akainama kunikaripia, harufu ya sikio langu ikamfikia, akatambua kwamba sisikii vizuri. Akachechemea kuuinua ubao, akaandika maneno mawili. La kwanza akalifuta kwa kiganja. Kwa la pili akanivuta mkono, polepole. Nikaona kumbe tofauti ni herufi moja tu.

Tangu hapo aliniandikia kila agizo. Mto ulipofurika mwaka huo, nilikuwa tayari najua kusoma, na wenye masikio mazima bado wanaimba "ba, be, bi."