Mahindi Mekundu ya Loisi

"Ukionekana kanisani unapokea unga, jina lako linakatwa kwenye ruzuku."

Maneno hayo niliyasikia bombani, hapa Chang'ombe. Sikuuliza nani kayasema. Yalinikaa kichwani siku mbili, nikayabeba vilevile hadi kwa jirani yangu Loisi.

Saa kumi na mbili asubuhi Loisi yuko sokoni Majengo, ungo mkononi. Anawapepetea nafaka wenye maduka. Ana miaka thelathini na minne na watoto watatu, anawalea peke yake. Gunia moja ni shilingi elfu moja, na punje zinazodondoka chini ni za mpepetaji. Ndiyo desturi ya pale.

"Wakati wa mavuno napata hata magunia manne kwa siku," anasema. "Ikifika Januari nakaa na ungo wangu kama mgeni."

Januari iliyopita ilikuwa hivyo. Ruzuku ya kaya maskini nayo ilichelewa, tangu Novemba. Kanisani walikuwa wakigawa unga kila Jumamosi. Loisi hakwenda. Alinisadiki mimi.

Siku moja akakuta mahindi mekundu yamemwagika nyuma ya duka. Yalikuwa ya mbegu, yamepakwa dawa ya wadudu.

"Nilijua ni ya mbegu," anasema, macho kwenye ungo. "Nikasema nikiyaosha mara tatu rangi itatoka. Na kweli ilitoka."

Rangi ilitoka, dawa ikabaki. Akayapika kande. Watoto wakubwa walikuwa shule. Jordan, mwenye miaka minne, akawa wa kwanza kula. Kabla mama yake hajajipakulia, mtoto akaanza kutapika na kutetemeka. Tulimkimbiza hospitali kwa bajaji.

"Mama, mtoto amekula nini?" muuguzi akauliza.

"Maembe," Loisi akajibu.

Nilikuwa nimesimama hapo. Nilijua ni mahindi, aliniambia kwenye bajaji, nikanyamaza. Muuguzi akarudia swali. Macho ya Jordan yalipogeuka, ndipo Loisi akasema: "Nimeokota mahindi, dada. Ya dawa."

Jordan alilazwa siku tatu. Amepona.

Jumamosi iliyofuata tukaenda kanisani. Mama Devota, anayegawa unga, akatuuliza: "Nyie mlikuwa wapi siku zote?"

Loisi akaninyooshea kidole. "Huyu aliniambia mnapeleka majina, tunakatwa kwenye ruzuku."

"Majina yapi? Hapa hata kalamu hatuna."

Ruzuku ilikuja Februari. Jina la Loisi lilikuwepo.

Mwaka huu anataka kuweka akiba ya madebe mawili ya mtama kabla ya Januari. "Nikikwama, naenda kuomba mchana kweupe," anasema. Bado ananisalimia vizuri. Mimi ndiye ninayeangalia chini.

Mama wenzangu, epukeni haya:

Kupika mahindi ya rangi, hata ukiyaosha mara kumi.

Kumficha muuguzi mtoto alichokula.

Kuamini habari za bombani kabla ya kuuliza ofisi ya mtaa.

Kuzipeleka kwa mtu mwenye njaa.