Darubini na Kanga ya Shangazi

Robota la mtumba likikatwa kamba hutoa harufu yake yenyewe: dawa ya nondo, vumbi la melini, na nguo za watu ambao hutawaona maishani mwako. Nikiisikia sokoni husimama hata kama nina haraka. Wauzaji hudhani nataka blauzi, wakaanza kunitundikia moja baada ya nyingine. Sitaki blauzi. Wakati huo niko Kibiti, uani kwetu, nimechuchumaa kando ya shangazi yangu Bihawa, nasubiri kuona kitatoka nini.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Maduka ambayo nilizoea kuyaona na rafu tupu yalijaa sabuni za kila rangi, na mtu aliyekuwa akivaa shati moja mpaka linachanika akawa na la Ijumaa na la shambani. Kila kitu ruksa, watu walikuwa wakisema, nami nikayaamini maneno hayo kama yalivyo. Kumbe kulikuwa na vitu vilivyosahauliwa nje ya hiyo ruksa, kimojawapo ni mtoto wa kike kutazama juu.

Shangazi Bihawa alikuwa dada wa baba, ameachika, amerudi kukaa nasi. Aliuza mitumba kando ya barabara kuu. Siku moja, katika robota la nguo za watoto, akakuta koti zito kama godoro, na ndani ya mkono wa koti mna kitu kigumu. Akakivuta. Kilikuwa bomba jeusi lenye urefu wa mkono wangu, kioo kikubwa mwanzo na kidogo mwisho. Alikiweka mezani pamoja na nguo kwa muda. Wateja walikishika, wakachungulia, wakaona miti imepinduka, majani chini mizizi juu, wakakirudisha wakisema ni kibovu. Jioni moja akanitupia mapajani.

"Chukua. Wewe ndiye mwenye muda wa kutazama vilivyopinduka."

Mwalimu wetu wa sayansi ndiye aliyenitajia jina lake, darubini, akaniambia haina ubovu wowote. Imetengenezwa kwa ajili ya nyota, akasema, na nyota haina juu wala chini, ndiyo maana waliotengeneza hawakujisumbua kuinyoosha picha. Hayo tu. Mengine niliyatafuta mwenyewe, tena kwa taabu. Mnaodhani kuona nyota kwa darubini ni kuielekeza tu, jaribuni. Kioo kinaona kipande kidogo sana cha mbingu, ukitetemeka kidogo tu nyota imeshakimbia. Nilikipindua kinu cha mama, nikaweka kitambaa juu yake, nikalaza bomba hapo. Kwa ubavu wake nikafunga kijiti cha mchongoma kwa mpira, ili kwanza nilenge kwa kijiti, halafu ndipo niweke jicho.

Nikajifunza pia kutoka nyota moja kwenda nyingine, kama unavyomwelekeza mgeni nyumba asiyoijua: anza hapa penye kubwa, pita pale, ukifika kwa ile nyekundu umekaribia. Kuna nyota tatu zilizojipanga mstari mmoja. Miezi ya palizi ya mpunga, baada ya magharibi, ukiufuata mstari ule unakutana na nyota nyekundu, na ukiendelea mbele kidogo unaingia katika Kilimia. Wazee wetu wote walikijua Kilimia, ndicho kalenda yao ya shamba, wakakihesabu kuwa kifurushi cha nyota chache tu. Mimi nilipokiingiza kwenye kioo kilijaa, nyota juu ya nyota, mpaka nikainua uso kuhakikisha kwamba bado nipo uani. Nilipiga kelele mama akadhani nimeumwa na nge. Nilifurahi, wenzangu, furaha ya kuumiza mbavu, na hapo hapo nikawa na hamu ya kumwonyesha mtu.

Nikamwonyesha rafiki yangu Sikudhani. Alikuja mapema, jua halijazama, hakuna nyota hata moja. Basi tukalielekeza bomba njiani, na njiani alikuwa anapita mama yake akitoka kisimani na ndoo kichwani. Sikudhani akamwona mama yake kichwa chini, miguu juu, ndoo imening'inia na maji hayamwagiki. Akarudi kwao mbio.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Mama yake, nasikia, hakuuliza habari za maji. Aliuliza swali moja: mtu akigeuzwa kichwa chini, kanga yake inabaki wapi? Na kwa kweli ukifikiri kama mtu wa kwetu, swali lina akili. Kanga haina pini wala kifungo, ni kukunja na kuchomeka. Mpindue mwenye nayo, itateleza yote imfikie shingoni. Kufikia kesho yake mtaa mzima ulijua kwamba mtoto wa uani kwetu ana bomba la kuwavua wanawake nguo. Wengine wakakumbuka kwamba mabafu yetu ni ya makuti, hayana paa, na kwamba mimi hulitoa bomba langu saa ambazo watu wanaoga. Wanawake wakawa wakipita mbele ya nyumba yetu wameshika kanga kwa mikono miwili. Mmoja alijifunga kamba ya katani kiunoni. Leo nacheka, lakini wakati ule nilikuwa nalia, tena kwa hasira.

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Kitwana, akamtuma mtu: bomba lipelekwe kwake kabla ya Ijumaa, likavunjwe mbele ya watu. Baba, mtu wa kupenda yaishe, akaniambia nikalifunge kwenye gunia. Alikuwa na sababu yake. Mwezi ule shangazi alikuwa ameposwa na mfanyabiashara wa mbao wa Ikwiriri, aliyefiwa na mkewe, mwenye nyumba ya bati na sifa nzuri. Posa ilikwisha kubaliwa, ilibaki kupanga siku. Baba hakutaka jina la nyumba yetu litajwe barabarani.

"Ni kibomba tu, Bihawa," alimwambia shangazi. "Kipelekwe, watu wanyamaze."

Shangazi alikuwa anakunja sketi. Hakuinua kichwa. "Kibomba kitakwenda," akasema. "Na mimi nitakwenda nacho."

Alhamisi, baada ya sala ya alasiri, tukaenda uwanja wa mpira, mbele ya ofisi ya kijiji. Wanaume walikaa kwenye mabenchi, wanawake wamesimama nyuma yao, watoto kila mahali. Mimi nimebeba darubini, shangazi amebeba ndoo ya maji. Baba alimvuta pembeni, nami nilikuwa karibu nikasikia. Alimwambia kwamba mdogo wake yule mchumba wa Ikwiriri yupo, amekaa benchi la mbele. Shangazi akageuka, akamtazama yule kijana, akamsalimia kwa heshima zote, akamuuliza hali za nyumbani. Kisha akajitwika ndoo.

"Mzee Kitwana," akasema, "mmesema hiki kinavua watu. Mimi nakwenda kusimama golini. Nitazameni, halafu mseme mlichokiona."

Akauvuka uwanja mzima peke yake. Kanga yake ilikuwa nyekundu, mpya, imechomekwa kiunoni kama kila siku, na sikumwona akiishika hata mara moja. Alipofika golini akageuka kutukabili, mkono mmoja kiunoni, ndoo kichwani, akatulia tuli.

Hakuna aliyeinuka. Watu wazima wote wale waliokuwa na maneno mengi siku zilizopita walianza kutazama viatu vyao. Nani ataweka jicho? Atakayeweka jicho ndiye aliyekuja kuchungulia. Nilikuwa nimelilaza bomba juu ya meza ya mwenyekiti, nimelenga kwa kijiti changu, nimemweka shangazi katikati ya kioo, nikasogea kando. Nilisema, na sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka, "Yuko tayari, babu. Asikae juani."

Mzee Kitwana akavua kofia. Akainama. Akakaa hivyo muda mrefu hata watu wakaanza kukohoa.

"Kapinduka," akasema hatimaye.

"Na maji?" mtu akauliza.

"Maji yapo."

Kisha sauti ya bibi mmoja kutoka nyuma, nyembamba, "Na kanga je?"

Mzee Kitwana akainua uso umemwiva. "Kanga ipo," akasema kwa ukali. "Imefungwa. Mlitaka iende wapi?"

Wanawake ndio walioanza kucheka, na kicheko kile kilifika golini, maana nilimwona shangazi akishusha ndoo na kurudi taratibu, bila haraka yoyote. Nusu mwezi ulikuwa umeshatoka, mweupe, ukionekana mchana kweupe juu ya minazi. Sikuomba ruhusa. Nilizungusha bomba, nikalenga, nikamwita mzee aangalie tena. Aliona mashimo ya mwezi, mengi, kama matone ya mvua ya kwanza yanavyotoboa majivu jalalani. Nyuma yake wakajipanga wengine, na mama yake Sikudhani alikuwemo. Bomba halikuvunjwa. Mwenyekiti aliamua kwamba nilitumie, mradi lisielekezwe chini ya minazi, nami nikakubali haraka, kwani kila nilichokitaka kilikuwa juu yake.

Jumapili yake wakaja watu wawili kutoka Ikwiriri, wakazungumza na baba barazani kwa sauti ya chini, wakaondoka bila kunywa chai. Mwanamke aliyesimama uwanjani kutazamwa na wanaume, walisema, hawawezi kumwingiza nyumbani kwao. Baba alikaa na uchungu ule kwa miezi. Mimi niliambiwa tu kwamba hakuna harusi, nikasikitikia pilau. Jioni ile ile nililaza bomba juu ya kinu nikaendelea na Kilimia changu, na shangazi akaja kukaa kando yangu kwenye mkeka.

Nilikuwa mtu mzima, nasoma chuo Dar es Salaam, nimekwenda nyumbani likizo, nilipomuuliza. Kwa miaka yote nilidhani alikuwa mkaidi tu, au hakuelewa baba alichomnong'oneza. Nilimuuliza kama alijua posa itavunjika. Alikuwa anachambua mchele, akacheka kidogo.

"Nilijua nilipomwona kijana yule. Mwanaume anayetishwa na bomba la mtoto ningekaa naye vipi?"

Nikamwambia angeweza kulikabidhi, mimi ningelia siku mbili nikasahau. Akaacha kuchambua. Akanitazama kwa hasira, hasira ya kweli, ambayo hakuwahi kunionyesha nilipokuwa mdogo.

"Hilo ndilo nililoliogopa," akasema. "Kwamba ungesahau. Mimi umri wako ule nilikuwa nimeshavalishwa ushungi wa bi harusi. Kila nilichoambiwa nikabidhi nilikabidhi, nikasahau, mpaka sikumbuki nilikuwa napenda nini."

Nimeambiwa mara nyingi tangu hapo nipunguze sauti, nikae nyuma, niache hiki, nimpe fulani kile, yaishe. Wanaoniambia ni watu wema, kama baba. Nawasikiliza mpaka mwisho. Halafu nawaambia waje wenyewe, waweke jicho, waseme walichokiona.