Kiti Kilichong'aa Mno

Mwaka wa hamsini na nne, wakati wa Hali ya Hatari, chumba cha Kagwe, seremala wa Thika, kilikuwa na kitanda tu, na randa zake ukutani. Mzungu wa shamba la kahawa huko Ruiru akampa kiti kilichovunjika mguu, bila barua yoyote ya kuonyesha kwamba amempa. Kagwe alikikwangua kwa kipande cha chupa, akatia mguu mpya, akakipaka vanishi mpaka kikang'aa.

Mkewe Ngendo alikataa kukikalia. "Baba Idah, msako ukija watasema umekiiba."

Tangu hapo, kila Kagwe aliposikia buti nje, alikifunika kiti kwa gunia. Siku lori la askari liliposimama mlangoni, alichukua nyundo akauvunja mguu ule ule.

Askari alikitazama kiti, akazitazama randa ukutani. "Fundi mzima, kiti kimekushinda?"

"Kimenishinda, afande."