Sauti Iliyopigwa Pasi

Walimwita Mchanga, na si kwa sababu ya umri, maana alikuwa anakaribia arobaini. Mchanga ulikuwa kooni. Akipandisha wimbo, sauti yake ilikwaruza, ikakatika kidogo, kisha ikainuka tena, na waliokuwa wakipiga soga wakanyamaza bila kuambiwa.

Miaka mingi kazi yake ilikuwa kuwaitikia waimbaji wengine studioni. Siku alipopewa wimbo wake mwenyewe, aliuimba mara moja tu, akaondoka. Baadaye prodyuza akamwita asikilize.

"Hapa palipokwaruza mmepapeleka wapi?" akauliza.

"Nimepanyoosha. Dada yangu, redio zinataka hivi. Ukija na la kwako, hawakupigi."

"Sasa huyu anayeimba ni nani?"

Prodyuza akacheka. "Si wewe huyo! Umepigwa pasi tu."

Wimbo ukashika. Ukalia saluni, sokoni, kwenye simu za majirani. Mchanga alipita katikati ya sauti yake kama mgeni, hakuna aliyegeuka. Akasema potelea mbali, mtu mmoja akiitambua yatosha. Akaenda kwa mama yake, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia na watoto wake akiwatambua kwa sauti, hata kwa kikohozi. Akamwekea wimbo kwenye simu, akaketi sakafuni karibu na miguu yake.

Mama alisikiliza mpaka mwisho, kichwa kikifuata mdundo.

"Huyu binti anajua. Haya, na wako utatoka lini, mwanangu?"

Mchanga akaizima simu. "Bado, mama. Hivi karibuni."

Kesho yake alirudi studioni kuomba ile sauti ya kwanza, ampelekee mama. Ilikuwa imeshafutwa. Badala yake wakampa wimbo wa pili, mdundo uleule, maneno karibu yaleyale. Akakataa. Wakampa mwimbaji mwingine, na redioni hakuna aliyeona tofauti. Hata Mchanga, alipousikia akiwa jikoni kwake, alisimama kitambo kabla ya kukumbuka kwamba si yeye.

Siku hizi anaimba Ijumaa kwenye mgahawa mdogo, kwa sauti yake yote. Wengi wanaendelea na mazungumzo yao. Mama hajaambiwa lolote. Anausubiri wimbo wa mwanawe, na huku akisubiri, anaimba ule wa redioni, ambao ameshaushika wote kwa moyo.