Mama Pini na Dirisha la Ijumaa

Ukitaka kujua chuo chetu kinaendeshwa na nani, usiangalie zile picha za wakubwa ukutani pale jengo la utawala. Angalia mbao za matangazo. Ziko kumi na nne, zote nimezitengeneza mimi, kwa mikono hii hii, na hakuna hata moja iliyopinda. Mimi ndiye seremala wa chuo. Shule niliachia darasa la tano, lakini maprofesa wanakalia viti vyangu, kwa hiyo tuulizane nani anambeba nani.

Lakini leo sijisifu. Leo namsifu mtu mwingine, na kwangu hiyo ni kazi ngumu kuliko kuchonga mlango. Namsema Mama Pini.

Mama Pini ni tarishi. Kila asubuhi saa mbili anapita utawala kuchukua matangazo: maji yatakatwa lini, maktaba itafungwa saa ngapi, mtihani umehamia chumba gani. Anayatia kwenye mkoba wake wa turubai, anazunguka mbao zote kumi na nne kwa mguu. Pini anazibana kwenye ukosi wa gauni, safu kwa safu, kama nishani za jenerali. Siku moja nilimwambia, "Mama, ukijikwaa utageuka nungunungu."

Akanijibu, "Na wewe ukifunga mdomo utageuka fundi."

Miaka ishirini na miwili anafanya kazi hiyo, na ana sheria zake. Tangazo likipitwa na siku yake, analing'oa asubuhi ile ile, halilali ubaoni. Asiyejua kusoma anasomewa, halafu lazima arudie kwa mdomo wake: siku gani, saa ngapi, mlango gani, ubebe nini. Ukikosea anakusomea tena, hata kama una sufuria la moto kichwani. Na sheria kubwa kuliko zote: karatasi isiyo na muhuri wa utawala haigusi ubao.

Hiyo ya muhuri ilimgharimu. Zamani mwanafunzi mmoja aliyejiona mcheshi alichapa karatasi ya uongo kwamba mtihani umesogezwa wiki moja mbele, akaichomeka kati ya karatasi halali. Mama Pini akaibandika. Wanafunzi tisa hawakwenda kwenye mtihani, wakarudia mwaka. Mmoja wao alikuwa binti wa dada yake, aliyekuwa akiishi kwake, na ni Mama Pini mwenyewe aliyemwambia nyumbani, "Lala mwanangu, nimelibandika mimi." Hakulia mbele yetu. Alikwenda tu utawala, akakaa kwenye kiti cha wageni mpaka wakachonga muhuri.

Sasa sikia ya mwaka huu.

Jumatano asubuhi alikwenda kwa katibu wa utawala kama kawaida, akakuta meza haina karatasi. Katibu ni bwana mpole, tatizo lake anadhani kila mtu duniani ana meza.

"Mama, karatasi zimekwisha kazi," akamwambia. "Sasa matangazo yote yanakwenda kwa imeli. Wiki iliyopita tulijaribu na lile la kadi za zahanati, likafika vizuri sana."

"La kadi za zahanati? Lipi hilo?"

Katibu akalifungua kwenye kompyuta. Kila mfanyakazi aende mwenyewe dirisha namba tatu, jengo la utawala, na kadi ya zamani na picha ndogo mbili, aandikwe upya yeye na watu wake, atie saini. Mwisho Ijumaa saa kumi jioni. Kadi ambayo haijahakikiwa inafutwa, na kuomba mpya ni miezi sita.

Mama Pini akauliza, "Wapishi walisoma hili?"

"Kila mfanyakazi alifunguliwa imeli mwaka jana."

"Wanaifungulia wapi, kwenye sufuria?"

Katibu akacheka, halafu akaona amecheka peke yake. Akamchapia karatasi moja. Lakini muhuri? Muhuri ulikuwa kwenye droo ya mkuu wa utawala, mkuu kasafiri, anarudi Jumatatu.

Alikuja karakana moja kwa moja. Mimi nilikuwa na oda ya kazi mkononi: kibao cha kufungia dirisha namba tatu kinakwama, kirekebishwe wiki hii. Akanisomea karatasi yake. Na mimi nina imeli, msinichukulie hivyo, ila neno la siri nilimwachia aliyenifungulia.

"Lete," nikasema. "Naipiga misumari minne, hata tufani haiing'oi."

"Haina muhuri."

"Mama, watu watafutwa kadi!"

"Haina muhuri, fundi."

Nikakubali kushindwa, jambo ambalo mke wangu atakuapia halijawahi kutokea. Nilijua ana nini nyumbani. Mumewe alikuwa dereva wa chuo, siku hizi ana sukari, anachoma sindano kila siku, na dawa anachukua zahanati yetu kila Jumamosi. Kadi ikifa Ijumaa, Jumamosi hakuna sindano.

Mama Pini akavua kiatu, akakung'uta kijiwe, akavaa.

"Ubao hauwezi kusema," akasema. "Nitasema mimi. Jikoni thelathini na mmoja. Usafi arobaini. Bustani kumi na wanane. Walinzi kumi na tisa. Hapa kwenu watatu. Pampu mmoja. Watu mia na kumi na wawili, na mimi wa mia na kumi na tatu. Naanza na wewe. Siku gani?"

"Mama, umenisomea sasa hivi."

"Siku gani?"

"Ijumaa! Kabla ya saa kumi! Dirisha namba tatu, kadi ya zamani, picha mbili! Umeridhika?"

"Picha za nani?"

"Za... zangu?"

"Na mkeo, na watoto wako watano. Kila mtu mbili. Unaona? Ulikuwa unakwenda na sura yako peke yake."

Akaondoka. Nikamfuata na baiskeli yangu ya kazi, maana kutembea na mtu anayenishinda kwa akili huwa kunaniudhi, ila kumwacha aende peke yake kungeniudhi zaidi.

Jikoni tulimkuta mpishi mkuu, mwanamke wa miraba minne, mwiko mkononi. Mama Pini akasoma, akauliza mlango gani.

"Wowote ulio wazi," mpishi mkuu akasema, jiko zima likacheka.

"Mumeo atakufa na presha bila dawa kwa sababu ya mzaha wako. Mlango gani?"

Kicheko kikakatika. "Dirisha namba tatu, Mama Pini." Akarudia mpishi mkuu, wakarudia wote, mmoja mmoja, mpaka wali ukaungua upande mmoja. Wanafunzi walikula ukoko siku hiyo na hakuna aliyekufa.

Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi alikuwa langoni, walinzi wa usiku wakitoka na wa mchana wakiingia. Hapo ndipo alipogonga mwamba. Mkuu wa walinzi tunamwita Kamanda, maana hata salamu anakupa kama amri.

"Hilo tangazo liko ubaoni?" Kamanda akauliza.

"Haliko."

"Lina muhuri?"

"Halina."

"Basi si tangazo. Wewe mwenyewe umetufundisha, Mama Pini. Hapa langoni tulimfukuza mpaka mtoto wa mkubwa aliyeleta karatasi bila muhuri. Leo unataka vijana wangu waache lindo kwa maneno ya mdomo?"

Nikafungua mdomo nimtie adabu. Mama Pini akanikanyaga kidole.

"Umesema kweli," akamwambia. "Karatasi sijui imetoka wapi mpaka nione muhuri. Karatasi haina uso. Mimi ninao. Miaka ishirini na miwili napita lango hili, Kamanda. Nimekudanganya mara ngapi?"

Kamanda akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Mara moja," Mama Pini akaendelea. "Lile la mtihani. Na aliyelipa ni mtoto wa dada yangu. Unadhani nimerudi kukudanganya mara ya pili?"

Kamanda akavua kofia.

"Ijumaa," akasema taratibu. "Kabla ya saa kumi. Dirisha namba tatu. Kadi ya zamani, picha mbili mbili." Halafu akageuka akapiga kelele, "Mmesikia, au nirudie na fimbo?"

Ijumaa saa mbili asubuhi foleni ilikuwa imeshazunguka jengo la utawala. Makoti meupe, magwanda ya kijani, buti za walinzi. Wanaingia kwa zamu, wakimaliza wanarudi kazini. Binti wa dirishani alitoa kichwa nje akashangaa. "Jamani, leo kuna nini? Wiki nzima nimepata watu wa ofisini tu!"

Mama Pini alisimama pembeni na orodha yake, kila anayetoka anamkata kwa kalamu. Nikamwambia ajiandikishe yeye kwanza.

"Nikiingia kwenye foleni nani atahesabu?"

Saa nane na nusu alikuwa amekata mia na kumi na mmoja. Akaupitia mstari tena, akasema, "Mzee wa pampu."

Mzee wa pampu anakaa mwisho kabisa wa chuo, nyuma ya mashamba ya majaribio. Alhamisi alirudia tangazo bila kosa. Sasa mbona hayupo? Nikampakia Mama Pini kwenye baiskeli, nikakanyaga kwa nguvu ambayo vijana wa timu ya chuo wakiiona wataniomba ushauri. Tukamkuta mzee kasimama mlangoni, kadi mkononi, picha mkononi, suruali amepiga pasi.

"Kibarua anayenishikia zamu anaumwa," akasema, karibu kulia. "Tanki la mabweni halijajaa. Na hii pampu ni bibi kizee, ukiizima katikati kuiwasha tena ni nusu siku. Niwaache watoto elfu mbili bila maji?"

Mama Pini akaweka mkoba chini.

"Nionyeshe inazimwaje."

"Mama," nikamnong'oneza, "na wewe bado hujaandikwa!"

"Najua hesabu yangu, fundi. Mzee, nionyeshe."

Mzee akamwonyesha. Na Mama Pini, bila kuambiwa, akarudia: "Mshale ukifika alama nyekundu, nazima swichi ya juu. Kisha nafunga koki kubwa. Nasubiri mlio ukome ndipo nafunga mlango. Sawa?"

"Sawa, dada yangu."

"Mchukue, fundi. Usimwangushe."

Nilimfikisha mzee dirishani, akaandikwa, akatia saini saa kumi kasoro dakika tano. Mia na kumi na wawili. Wengi waliokuwa wametoka kazini walibaki pale uani, wanaangalia njia ya mashambani. Hakuna mtu. Binti wa dirishani akaanza kukusanya kalamu zake.

"Binti yangu," nikasema, "subiri kidogo."

"Fundi, nimeambiwa saa kumi nifunge dirisha. Si mimi niliyepanga."

Alikuwa anasema kweli, na mimi sikuwa na hoja. Ila nilikuwa na bisibisi. Nikatoa ile oda ya kazi mfukoni, nikaikunjua mbele yake. "Kibao cha kufungia dirisha namba tatu kinakwama, kirekebishwe wiki hii. Leo ndiyo mwisho wa wiki. Na angalia hapa chini, mkuu aliupiga kabla hajasafiri. Muhuri."

Skurubu nane, dakika tatu. Nikakitia kibao begani, nikaondoka nacho karakana, nikakipiga randa, nikakipaka gundi kwenye ufa. Niliporudi, binti alikuwa amekaa mbele ya shimo wazi, mikono kifuani, kaninunia.

"Kibao changu kiko wapi?"

"Gundi haijakauka."

"Itakauka lini?"

"Gundi hii? Ina kiburi."

"Siwezi kuondoka dirisha liko wazi na fomu ziko ndani!"

"Ndiyo maana nimekuletea chai."

Saa kumi na dakika ishirini na tano Mama Pini akatokea. Viatu vimejaa vumbi, mkono mmoja una grisi mpaka kiwiko. Watu wakampisha. Akafika dirishani, akaangalia saa ya ukutani.

"Nimechelewa," akasema. "Tangazo linasema saa kumi. Nimewasomea wengi maneno hayo hayo, siwezi kukuomba uyapinde. Ila nimekuja, na Jumatatu nitakuja, na Jumanne, mpaka mtu anisikilize. Mume wangu hawezi kungoja miezi sita."

Binti akamwangalia. Akaangalia wapishi, walinzi, mzee wa pampu na suruali yake ya pasi.

"Ni wewe uliyewaambia hawa wote?"

"Nani mwingine? Ubao?"

Binti akavuta fomu. "Mama, mimi dirisha sijafunga. Huyu fundi wako kaniibia kibao. Lete kadi, nisikae hapa bure. Na kama kuna wa kuulizwa Jumatatu, nitaulizwa mimi."

Mama Pini akageuza ukosi wa gauni. Kule ndani, nyuma ya safu ya pini, alikuwa amebana kadi mbili za zamani na picha nne tangu Jumatano. Akazichomoa moja moja, akaziweka dirishani. Alipotia saini nikaangalia pembeni, si kwa sababu nilikuwa nalia, vumbi la mbao linasumbua sana macho.

Jumamosi mumewe alichukua dawa. Jumatatu binti aliitwa kwa mkuu, akaenda na orodha ya Mama Pini, ina mistari mia na kumi na mitatu. Sijui walisemezana nini. Ninachojua, mchana Mama Pini alikuja karakana na karatasi mpya yenye muhuri mbichi: matangazo yatakwenda kwa imeli, na yatabandikwa pia.

Nilikuwa nakipaka mafuta ya mwisho kibao cha dirisha namba tatu, nilichokirudishia Ijumaa jioni na kukitoa tena asubuhi hiyo. Akanisomea mpaka mwisho, akakunja mikono.

"Sema."

Nikasema yote, bila kosa. Na kibao hakikwami tena, nenda kakijaribu.