Nilifuta Tarehe, Anjela Akaambiwa Hajui Kusoma

Nina kosa, na nililificha mpaka likanichosha. Mwenye kunihukumu anihukumu, leo nalisema lote.

Nilikuwa na blogu ya habari za kwetu, Mbinga na kule chini ziwani. Kutwa nauza madaftari na kutoa fotokopi karibu na stendi, wateja wakipungua naandika. Bei ya kahawa, lori la makaa ya mawe limepinduka Ngaka, harusi, misiba. Watu walisoma, ila habari moja tu, huyo, kaenda zake. Iliniuma!

Kaka mmoja fundi kompyuta akanielekeza: chini ya kila habari weka nyingine zinazofanana nayo, andika "Soma na hii". Aliyesoma ya kahawa mpe tena ya kahawa. Jamani, ilifanya kazi! Watu wakawa wanatoka hii wanaingia ile, kama mtu aliyeshika karanga.

Tatizo likawa habari za zamani. Wakiona tarehe ya mwaka juzi wanapita. Basi nikafuta tarehe zote. Yule kaka alinionya, "Dada, msomaji akifungua aikute tarehe." Nikamjibu, "Akishafungua si ameshafungua?" Na nikacheka!

Siku moja boti ya injini iliyopakia magunia ya usipa, dagaa wa ziwani, kutoka Liuli haikufika Mbamba Bay. Ndani walikuwa wanaume watatu, mmoja wao Fidelis, mume wa Anjela. Anjela nilisoma naye shule ya msingi, Litumbandyosi, dawati moja.

Nikaandika haraka: boti haijaonekana, ndugu wanasubiri. Hapo sikudanganya. Halafu chini yake nikachagua mwenyewe, kwa mkono wangu, habari ya kufuata: "Miili ya watatu yaopolewa ziwani." Ilikuwa ajali ya miaka miwili nyuma, watu wengine kabisa. Nilijua. Na nilijua kila mwenye ndugu kwenye boti ile ataibofya. Ndiyo maana niliiweka!

Anjela alikuwa uani kwa mama mkwe wake, hukohuko Mbamba Bay, wanawake wamemzunguka, anawasomea kwenye simu. Akamaliza ya kwanza, akabofya ya pili. Alisoma kwa sauti mpaka kwenye neno "watatu", sauti ikakatika. Mama mkwe akainuka kwenye mkeka kama anayetaka kusema kitu, akaanguka. Upande mmoja wa mwili ukapooza. Maneno nayo yakaondoka.

Anjela alinipigia wakiwa njiani kwenda hospitali. "Rafiki yangu, wamewaopoa wapi? Maiti ziko wapi?"

Nikasema mtandao unasumbua, nikakata. Kisha nikarudisha tarehe.

Kesho yake Fidelis akaingia nyumbani mzima! Injini ilizima, upepo ukawasukuma hadi upande wa Malawi, wavuvi wa huko wakawavuta. Vigelegele viliishia mlango wa wodi. Mama alimtazama mwanawe, machozi yanamtoka, jina halitoki.

Ndugu wakafungua blogu. Tarehe hiyo hapo, wazi. "Huyu mwanamke hajui kusoma!" akafoka shangazi yake Fidelis. "Kampoozesha mama wa watu kwa kiherehere!" Anjela akaapa: "Haki ya Mungu, haikuwepo!" Wakanipigia mimi niamue.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mwanangu, tuambie ukweli. Tarehe ilikuwepo?"

"Ilikuwepo."

Neno moja tu. Nikamsikia Anjela kwa nyuma, "Jamani! Hata wewe?"

Wiki haikuisha, akarudishwa kwao Litumbandyosi, mtoto mgongoni. Mimi nikaendelea kuuza madaftari. Nilikuwa nakula, lakini chakula hakina ladha.

Mwishowe alikuja dukani baba yake Anjela, mkulima wa kahawa, mzee mpole. Nikamwamkia. Akaniomba nimchapie habari ile kwenye karatasi ampelekee padre, labda atawasuluhisha. "Mlisoma pamoja," akasema. "Unamjua. Hivi kweli Anjela wangu ashindwe kusoma tarehe?"

Nilishindwa kumtazama. "Baba, tarehe niliifuta mimi. Nikairudisha mambo yalipoharibika."

Alichukua kofia yake mezani. Kisha akasema, "Basi twende ukaseme hukohuko."

Tukateremka Mbamba Bay. Nilisema mbele ya wote, mgonjwa amelala palepale anasikia. Nilidhani Fidelis atanipiga. Aliniuliza tu, "Mama yangu alikuwa ananisubiri mimi. Wewe ulikuwa unasubiri nini?"

Mama yake akanyoosha mkono ule mzima kuelekea mlangoni. Nikasimama, nikijua nafukuzwa. Fidelis ndiye aliyeelewa. "Anasema nikamlete Anjela."

Anjela amerudi. Ndiye anayemlisha na kumgeuza kitandani. Nilikwenda na sukari na sabuni kumwomba radhi, hakunitukana. Alisimama mlangoni akasema, "Sukari tunayo. Sabuni tunayo." Akaingia ndani. Nilijua wala hakunionea!

Blogu nimeifunga. Ninyi mnaoandika mitandaoni, kumshika msomaji asiondoke si dhambi. Dhambi ni kumshika kwa hofu yake. Kabla hujampa kingine cha kusoma, mfikirie amekaa wapi na nani yuko pembeni yake. Na ukikosea, sema saa hiyohiyo, kabla mwenzako hajabebeshwa lawama yako. Mimi nilingoja miezi minne, na mama yule mpaka leo hajatamka neno.